Ugonjwa wa Sonona, na Namna ya Kumsaidia Aliye Nao

Karibu kila usharika unaye mtu aliyekuwa wa kwanza kufika ibadani, naye sasa haonekani. Shamba lake limeota magugu. Ukimpitia nyumbani wamkuta amelala mchana, dirisha limefungwa, na ukimwuliza hali yake akujibu kwa sauti ndogo kwamba mwili hauna nguvu. Majirani husema, “Amekuwa mvivu.” Wengine husema, “Ana kiburi, hataki kusalimiwa.” Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba ana dhambi aliyoificha nayo yamla ndani kwa ndani. Ni wachache wasemao, “Huyu ni mgonjwa, na apelekwe hospitali, kama vile tungempeleka mwenye kichomi.” Katika somo hili twataka kueleza ugonjwa huo, kwa kuwa una tiba, na kwa kuwa baadhi ya wasiotibiwa hufa.

Madaktari wetu huuita sonona. Jina hilo limetoka katika neno la kale, kusonona, yaani kuumwa maumivu yasiyotulia, na kutoka humo twapata kusononeka moyoni. Katika Kenya wengi huuita unyogovu, au mfadhaiko. Lakini mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatatumia hata moja la majina hayo. Atasema, “Nina mawazo mengi,” au, “Moyo wangu ni mzito,” au, “Kichwa kimejaa,” au hatataja moyo kabisa, bali atasema kwamba mwili wote wamwuma na tumbo halitulii. Mwalimu wa dini na mzee wa kanisa yafaa wawe na masikio ya kusikia maneno hayo.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, au wa watu wa mijini wenye nafasi ya kukaa na kuwaza. Neno hilo si kweli. Washona wa Zimbabwe wana jina lao la tangu zamani, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Waganda wa pande za Masaka na Rakai walipoulizwa na wachunguzi walitaja maneno mawili, yo'kwekyawa na okwekubazida, moja la mtu anayejichukia nafsi yake, na moja la mtu anayejihurumia bila kukoma. Na dalili walizozitaja zilikuwa karibu zile zile zilizoandikwa katika vitabu vya madaktari wa Ulaya na Marekani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 280 hivi ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Dalili zake

Kwanza tutenge sonona na huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa hulia, hukosa usingizi, hata chakula humshinda. Huo si ugonjwa, ni upendo uliopoteza mtu wake. Huzuni ya msiba huja kama mawimbi. Kati ya wimbi na wimbi aliyefiwa aweza kucheka akikumbuka maneno ya marehemu, aweza kufurahi mjukuu akimkimbilia, wala hajioni kuwa yeye ni takataka. Sonona haiji kama mawimbi, bali kama ukungu wa mlimani usioondoka hata adhuhuri. Hufunika kila kitu: ndoa, watoto, kazi, wimbo, chakula, hata maombi. Tena humwambia mgonjwa kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye hatia ya mambo hayo yote. Lakini msiba waweza kuanzisha sonona. Basi mfiwa ambaye baada ya miezi mingi angali hawezi kuamka na kujitunza, yeye naye atazamwe na daktari.

Madaktari hutazama mambo mawili makubwa: moyo kuwa mzito na wenye huzuni sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, na kupoteza ladha ya mambo yote yaliyompendeza mtu zamani. Moja la hayo lazima liwepo. Kisha huuliza habari za mengine: usingizi umepungua, au umezidi mno, chakula hakitamaniki na mwili unakonda, au mtu anakula kupita desturi yake, mwendo na maneno yamekuwa mazito, au hawezi kutulia mahali pamoja, nguvu zimekwisha, hawezi kuelekeza mawazo, hata kuamua jambo dogo kama kupika ugali au wali humshinda, anajilaumu kwa makosa ambayo wengine hawayaoni, na anawaza habari za kufa. Dalili 5 au zaidi zikikaa pamoja muda wa majuma 2 au zaidi, na kazi za mtu zikiharibika kwa ajili yake, madaktari huuita ugonjwa huo sonona kubwa. Mwalimu hapaswi kutoa hukumu kama daktari. Kazi yake ni kuona, na kumwongoza mtu mahali panapofaa.

Wengi huamka saa tisa au saa kumi za usiku, na saa hizo za kabla ya mapambazuko ndizo mbaya kuliko zote. Mchana unapokwenda, mzigo hupungua kidogo. Ndiyo maana mgeni anayefika jioni humkuta mgonjwa anazungumza, akaondoka akisema, “Mbona hana neno?”

Wanaume hawaoneshi ugonjwa huu sikuzote kwa machozi. Mwanamume hukasirika upesi, hupiga watoto, hukaa kilabuni, hunywa. Watu wakaona ulevi tu, wasione kilichoutangulia. Pombe nayo huongeza sonona, hata mambo hayo mawili yakawa kama mawe mawili ya kusagia, na mtu yu katikati. Wazee husahau-sahau, tukadhani ni uzee. Mama aliyejifungua naye yuko katika hatari: zaidi ya mmoja katika kila wanawake 10 waja wazito na waliojifungua karibuni hupatwa na sonona. Humtazama mtoto wake asione furaha waliyomwambia ataiona, kisha huona haya kusema, kwani kila mgeni humpa hongera. Mama mkwe na wakunga, ninyi ndio mnaoweza kumwona kwanza.

Asili yake

Asili ya sonona si moja. Uchunguzi wa mapacha umeonesha kwamba sehemu yake hurithiwa, kiasi cha theluthi moja au kuzidi kidogo. Lakini mtu harithi ugonjwa wenyewe kama anavyorithi shamba, bali hurithi wepesi wa kuupata. Juu ya wepesi huo huja mambo ya maisha: kufiwa na mzazi utotoni, kupigwa na kudhalilishwa, deni, njaa, ndoa yenye mateso, ugonjwa wa muda mrefu, upweke. Wengine hupatwa bila sababu inayoonekana. Hao ndio wanaoteseka sana kwa maneno ya watu, maana huulizwa, “Una nini cha kukuhuzunisha, nawe una nyumba ya bati na watoto wanasoma?”

Miaka mingi watu walifundishwa kwamba sonona ni upungufu wa kitu kimoja katika ubongo kiitwacho serotonini. Mwaka 2022 wachunguzi walikusanya kazi zote kubwa zilizofanywa juu ya jambo hilo, wasione ushahidi thabiti wa upungufu huo. Wengine wakasema, “Basi dawa ni za bure.” Haifuati hivyo. Aspirini huondoa maumivu ya kichwa, wala hakuna asemaye kwamba kichwa kiliuma kwa kukosa aspirini.

Yako pia magonjwa ya mwili yanayofanana na sonona au kuileta: upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, virusi vya Ukimwi, kisukari, na baadhi ya dawa zenyewe. Kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza. Wengi wamerudi zahanati mara nne au tano kwa maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo, wakapewa dawa za malaria na za minyoo, wala hakuna aliyewauliza habari za usingizi na za moyo wao. Anayemsindikiza mgonjwa aseme waziwazi kwa daktari au mwuguzi: “Tangu mwezi fulani halali, hali, na amejitenga na watu.” Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa miezi mingi.

Je, ni ukosefu wa imani?

Hatuwezi kuruka swali hili, kwa maana ndilo linalowaumiza washarika zaidi. Mgonjwa wa sonona huona kwamba maombi yake hayapandi. Kisha ndugu huja, kwa nia njema, akamwambia atubu na kuomba zaidi. Naye akashindwa kuomba zaidi, akapata ushahidi mpya wa kwamba amelaaniwa. Ushauri wa namna hiyo ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika akimbie ili apone.

Luther mwenyewe aliyajua mambo haya. Mwaka 1527, baada ya kuugua ghafla mwezi wa Julai, alikaa miezi mingi katika giza la moyo, na tauni ilikuwa imeingia Wittenberg mwaka huo huo. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia barua kijana Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyelemewa na huzuni nyumbani mwake. Hakumwagiza kufunga wala kujichunguza dhambi. Alimwonya asikae peke yake, asibishane na mawazo yale ya kumwua, bali atafute watu, acheze, afanye mzaha na kunywa. Shauri hilo la mwisho madaktari wa leo hawatalikubali, nasi pia twamwacha Luther hapo. Lakini mengine ni karibu yale yale yanayofundishwa sasa katika hospitali. Na Eliya alipoketi chini ya mti jangwani akiomba afe, msomaji atazame mwenyewe katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, aone ni nini alichopewa kwanza: si karipio, bali usingizi na chakula, mara mbili, kabla ya neno lo lote juu ya kazi yake.

Maombi yasiachwe. Mgonjwa akitaka kuombewa, aombewe, tena kwa maneno machache. Lakini kumwambia aache vidonge ili aoneshe imani ni kumtia hatarini, wala mwenye kufanya hivyo hana ruhusa ya kanisa. Katika milima ya Usambara, huko Lutindi, kituo cha misheni kilichoanza 1896 kwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani kilikuja kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Walioianzisha hawakuona kwamba kutibu akili ni kupingana na Injili.

Tiba ya maneno

Tiba ya sonona ina njia kubwa mbili, maneno na dawa, na mara nyingi zote mbili huenda pamoja. Kwa sonona isiyo kali sana maneno huweza kutosha. Hapa wasomaji wetu watasema, “Kwetu hakuna madaktari wa akili, ni nani atakayezungumza na wagonjwa?” Swali hilo limejibiwa mara mbili katika nchi jirani zetu, na majibu hayo yastahili kusimuliwa kwa urefu.

Mwaka 2002 vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, viligawanywa kwa kura. Katika nusu ya vijiji watu wenye sonona walikusanywa katika vikundi vidogo, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakakutana mara moja kila juma, muda wa saa moja na nusu, kwa majuma 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa nchi ile, waliofundishwa kwa majuma mawili tu. Hawakutoa hotuba. Kila mtu aliulizwa ugonjwa wake ulianza wakati gani, na siku hizo palikuwa na jambo gani kati yake na watu: je, alifiwa? Je, yuko ugomvini na mume, na mkwe, na ndugu? Je, maisha yake yamegeuka, kama vile kuoa, kuhama, kuugua? Kisha kikundi kilitafuta pamoja naye jambo moja atakalolijaribu kabla ya juma lijalo. Kabla ya kazi hiyo karibu watu 9 katika kila 10 walikuwa na sonona. Ilipokwisha, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi walibaki 6.5 katika kila 100. Katika vijiji vingine walibaki 54.7 katika kila 100. Miezi sita baadaye tofauti ilikuwa ingali kubwa, na vikundi vingine viliendelea kukutana vyenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Jibu la pili latoka Harare. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili katika Zimbabwe, alipoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Jamaa zake walikuwa wamejua kwamba yampasa arudi hospitali, ila walikosa nauli ya basi. Daktari akaona kwamba haitoshi kukaa hospitalini na kungoja watu. Mwaka 2006 alianza kazi na wanawake wazee 14 katika mtaa wa Mbare, waliokuwa wakisaidia katika kazi za afya. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa juu ya benchi, nje ya zahanati, chini ya mti. Mwanzoni benchi liliitwa kwa jina la ugonjwa wa akili, na hakuna aliyetaka kuonekana ameketi hapo. Bibi wale wakamshauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja. (Hapo mwenye elimu alifundishwa na wenye umri.)

Kazi ya benchi ina hatua tatu, na majina yake ni ya Kishona: kufungua akili, kumwinua mtu, na kumtia nguvu. Bibi husikiliza mpaka matatizo yote yametajwa. Kisha humwuliza mgonjwa, “Katika haya yote, tuanze na lipi?” Mgonjwa mwenyewe huchagua moja, naye mwenyewe hutafuta njia, hatua ndogo iwezekanayo juma hili. Bibi hatoi amri. Juma lijalo huulizana imekuwaje. Uchunguzi uliotangazwa 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokuwa na sonona kati ya walioketi na bibi walikuwa chini ya 14 katika kila 100, na kati ya waliopata matunzo ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100. Kazi hiyo imefika hata Malawi na Unguja.

Kwa maoni yetu, kila mtaa wa usharika unaye mama mzee mmoja au wawili wawezao kazi hii, wakifundishwa. Wasichaguliwe wenye sauti kubwa katika mikutano. Wachaguliwe wale ambao watu huwapelekea siri zao tayari, na siri hizo hazitoki.

Dawa

Dawa za sonona zilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, na waganga wakashangaa kuona watu waliokuwa wakingoja kufa wanachangamka kupita nafuu ya mapafu yao. Mwaka 1956 Roland Kuhn, daktari wa Uswisi, alianza kuwapa wagonjwa wa sonona dawa nyingine, imipramini, iliyokuwa imekusudiwa kwa ugonjwa tofauti. Tangu hapo zimetokea nyingi. Zilizo katika orodha ya dawa za lazima za Shirika la Afya Duniani, na zinazopatikana katika hospitali nyingi za nchi zetu, ni fluoksetini na amitriptilini.

Mgonjwa na jamaa zake yafaa waambiwe mambo haya kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa haifanyi kazi siku ile ile. Nafuu huanza baada ya majuma 2, na hukamilika polepole, majuma 4 hadi 6 au zaidi. Shida ni kwamba taabu ndogo za dawa huja kwanza: kichefuchefu na kukosa usingizi kwa fluoksetini, kinywa kukauka, choo kuwa kigumu na usingizi mwingi kwa amitriptilini. Kwa hiyo wengi huacha katika juma la kwanza, wakisema, “Imenidhuru wala haikunisaidia.” Wavumilie, na wakizidiwa warudi kwa daktari. Dawa ya kwanza isipofaa, iko ya pili. Vijana walio chini ya miaka 25 watazamwe kwa karibu katika majuma ya kwanza, kwani wengine huingiwa na fadhaa na mawazo ya kufa. Na mtu ambaye zamani alipatwa na siku za furaha ya kupita kiasi, asilale, akitapanya mali na kusema bila kituo, sharti daktari aambiwe habari hiyo, maana ugonjwa wake waweza kuwa mwingine, na dawa hizi peke yake zaweza kumrusha juu tena.

Mtu akijisikia mzima asiache dawa. Hutakiwa aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kisha apunguziwe kidogo kidogo na daktari. Dawa hizi si za kulevya kama pombe, ila zikiachwa ghafula mwili hupata kizunguzungu na mahangaiko. Kwa wale walio katika hali mbaya kabisa, wasiokula wala kunena, iko tiba ya umeme, iliyoanzishwa Roma 1938; siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa kwanza, wala haioni, na kwa ugonjwa wa namna hiyo husaidia kuliko dawa nyingine zote. Watu huiogopa kwa sababu ya mambo ya zamani.

Habari za kufa

Wengi hudhani kwamba kumwuliza mgonjwa habari za kujiua ni kumtia wazo asilokuwa nalo. Sivyo. Wazo lipo tayari, au halipo. Swali halilileti, na mara nyingi mgonjwa hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia. Uliza mkiwa wawili, kwa upole na bila kuzunguka: “Ndugu yangu, naona umebeba mzigo mzito. Je, yamekujia mawazo kwamba heri usingekuwapo?” Akikubali, endelea: “Je, umewaza kujidhuru? Umekwisha fikiri namna yake?” Usishtuke usoni, wala usianze kuhubiri juu ya dhambi. Mshukuru kwa kukwambia.

Kama amefikiri namna ya kufanya na siku yake, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na mtu anayempenda amsindikize. Sumu za shamba, kamba na dawa zote ziondolewe nyumbani, zitunzwe na jirani chini ya kufuli. Wengine husema, “Mwenye nia atapata njia.” Mambo ya Sri Lanka yawajibu: nchi ile ilipopiga marufuku sumu za shamba zilizo kali mno, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 20. Saa ya hatari huwa fupi, na aliyevushwa saa hiyo mara nyingi huishi. Amitriptilini nayo ikinywewa nyingi kwa pamoja huua. Kwa hiyo ishikwe na jamaa, naye ampe mgonjwa kipimo cha kila siku.

Tena mkeshe zaidi mgonjwa mwenye huzuni nyingi anapotulia ghafula, akagawa vitu vyake na kulipa madeni. Jamaa hushukuru kwamba amepona. Huenda amekwisha kata shauri.

Aliyejaribu kufa akaokoka asitangazwe mbele ya usharika kama mwenye kutiwa adabu. Hata sheria zimeanza kugeuka: mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua kwapingana na Katiba. Na kwa habari ya aliyekufa, wasomaji wetu wanaoitwa kuzika, nao wanasikia wazee wakisema azikwe bila wimbo, wajue kwamba Luther katika mazungumzo ya mezani ya mwaka 1532 alikataa kusema kwamba waliojiua wamepotea hakika. Mjane na watoto ndio wanaosikia maneno ya maziko, na wao wenyewe wamo hatarini kuliko wengine katika miezi inayofuata.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Usimwambie, “Jikaze.” Amekwisha jikaza mpaka nguvu zimekwisha. Usimpe kazi kubwa, wala usimwache bila kazi. Mgonjwa wa sonona hungoja kwanza apate hamu ndipo aamke, na hamu haiji. Basi mpango ugeuzwe, afanye kwanza kidogo, na hamu hufuata nyuma polepole. Leo aketi nje juani. Kesho amwagilie mboga mistari miwili. Keshokutwa atembee pamoja nawe mpaka kisimani. Aamke na kulala saa zile zile, na pombe iwe mbali. Nenda kwake siku ileile ya juma, hata kama juzi hakusema neno. Kukujua kwamba utakuja Jumatano ni kitu cha kushika. Na anayemtunza, mke au mama, aulizwe yeye naye habari ya usingizi wake.

Akipona, ajue kwamba ugonjwa huu hurudi kwa watu wengi, karibu nusu ya waliopatwa mara ya kwanza. Kila mtu anayo dalili yake ya kutangulia: mmoja huanza kuamka saa tisa ya usiku, mwingine huacha kuoga, mwingine huacha kuimba. Iandikwe nyuma ya kadi yake ya hospitali, na mtu mmoja wa nyumbani aijue, ili wamrudishe mapema. Na mahali ambapo barabara hukatika wakati wa masika, daktari aombwe mapema dawa za miezi miwili kabla mvua hazijaanza, zikae kwa yule jamaa mwenye kufuli.